Daftari la Beverwijk

Kampuni ya DigiNotar, katika mji wa Beverwijk nchini Uholanzi, ilikuwa mamlaka ya vyeti, yaani ilitoa vyeti vya kidijitali, vile vinavyoihakikishia kompyuta yako kwamba tovuti uliyoifungua ndiyo yenyewe. Vivinjari vikubwa viliiamini, na hata serikali ya Uholanzi ilitegemea vyeti vyake kwa huduma za mtandaoni.

Seva za kutia sahihi vyeti hivyo ziliwekwa katika chumba kilichozuia hata mawimbi ya sumakuumeme yasivuje nje. Hapo fedha zilitumika kweli. Lakini seva hizo hizo zilifikika kupitia mtandao wa ndani wa ofisi, zote zilikuwa chini ya domeni moja ya Windows, na neno la siri lililozifungua lilikuwa jepesi kubahatishwa. Mlango wa chuma, dirisha wazi.

Mdukuzi aliingia Juni 2011. Tarehe 10 Julai akajipatia cheti kwa jina la Google, chenye sahihi halali kabisa ya DigiNotar. Ukaguzi wa ndani ulinusa kasoro tarehe 19 Julai. Vyeti bandia vilivyoonekana vikabatilishwa, na umma haukuambiwa kitu. Cha Google hakikuwa miongoni mwa vilivyoonekana. Agosti kikafanya kazi huko Iran: anwani za intaneti zipatazo 300,000, karibu zote za nchi hiyo, zilikipokea kama cheti cha Google. Aliyeshtuka alikuwa mtumiaji mmoja wa Gmail, na aliyemshtua ni kivinjari cha Chrome, kilichokuwa kimefundishwa vyeti vya Google hutoka kwa nani.

Wachunguzi wa kampuni ya Fox-IT walipoingia, waliorodhesha vyeti bandia 531. Kibaya zaidi, zilikuwapo namba za vyeti ambazo hakuna aliyeweza kusema ni za cheti gani, na kumbukumbu za seva zilikuwa zimechezewa, maana zilihifadhiwa pale pale alipoingia mwizi. Hata seva ya kujibu maswali ya uhalali wa vyeti ilikuwa ikikiita kizuri cheti chochote ambacho hakikuandikwa kuwa kimebatilishwa, hata kama hakikuwahi kuandikwa popote. Usifikiri kampuni iliuawa na udukuzi peke yake. Kampuni nyingi hudukuliwa na kuendelea. Hii iliulizwa imetia sahihi nini, ikakosa jibu kamili. Vivinjari vikaifuta, serikali ikatwaa uendeshaji wake tarehe 3 Septemba, na tarehe 20 mahakama ikaitangaza kuwa imefilisika.

Swali hilo hilo linamngoja fundi wa leo anayeanzisha mamlaka ndogo ya vyeti ya ofisini kwa programu ya openssl. Amri chache tu kwenye terminali, na ufunguo wa mzizi, ule wa kutia sahihi, umezaliwa. Kando yake kuna faili la maandishi ya kawaida, index.txt. Kila cheti kina mstari wake: herufi V kikiwa halali, R kikibatilishwa, E kikiisha muda, kisha tarehe, namba na jina la mwenyewe. Hilo ndilo daftari lote. Likiharibika, kulitengeneza ni kazi ngumu.

Na ni rahisi kulikwepa bila kukusudia. Amri ya openssl ca huandika mstari huo kila inapotia sahihi. Lakini ina masharti yake: inataka faili la mipangilio, inakagua majina, inakataa ombi lisilolingana na sera. Fundi akichoka hukimbilia openssl x509 -req, inayotia sahihi mara moja bila maswali. Haigusi index.txt hata kidogo. Cheti kinafanya kazi, bosi anafurahi, daftari halijui. Siku kompyuta yenye cheti hicho ikiibwa, fundi atahitaji nakala ya cheti chenyewe ili akibatilishe kwa openssl ca -revoke, na huenda aliifuta zamani.

Kwa hiyo x509 -req ibaki ya majaribio. Ufunguo wa mzizi ukae kwenye mashine isiyogusa mtandao, na vyeti vya kila siku visainiwe na mamlaka ya chini yake. Nakala ya index.txt iende kila siku kwenye seva ambayo mtia sahihi hana ruhusa ya kuiandika upya, na mtu mwingine, si yeye, ailinganishe na maombi yaliyoidhinishwa. Kila kubatilisha kufuatwe na openssl ca -gencrl, inayotoa orodha mpya ya vyeti vilivyobatilishwa, na orodha hiyo ipelekwe seva zinakoisoma. Bila hatua hiyo herufi R inabaki siri ya faili moja.