Picha ya Mtu ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yangu mimi ilikuwa ni daftari lenyewe: daftari la shule lililojaa picha za wachezaji wa mpira, nilizozikata magazetini na kuzibandika kwa uji wa sembe. Nililianza Iyunga, pembezoni mwa mji wa Mbeya, nilikopelekwa kusomesha katika miaka ya themanini. Magazeti yalitufikia yamechelewa, na yakishasomwa yaliishia kwa wauza karanga. Nilikuwa nikinunua karanga huku jicho langu likiwa kwenye karatasi.

Mwaka 1986 ulikuwa wa neema kwa mkusanyaji kama mimi. Tukuyu Stars, timu ya Rungwe iliyokuwa haina siku nyingi tangu kupanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Vijana wa nyanda za juu wakawa na sura zao magazetini, nami nikawa nazo daftarini.

Miaka mingi baadaye nilirudi Iyunga kuwazuru wenyeji wangu, na daftari nikalichukua. Karibu na stesheni ya TAZARA nilionyeshwa mzee mwenzangu aliyekuwa akiuza maparachichi. Nikaambiwa kuwa zamani alikuwa mchezaji. Nilimfahamu kabla hajatajwa jina, maana uso wake nimekaa nao zaidi ya miaka ishirini. Nikafungua ukurasa. Aliitazama picha kwa muda mrefu, doa la mafuta ya karanga likiwa begani mwake, kisha akasema: “Mwalimu, hii picha yangu.”

Msomaji, maneno hayo mawili yamenishughulisha tangu siku ile. Kiswahili chetu husema “picha yangu” kwa picha inayonionyesha mimi, na husema hivyo hivyo kwa picha ninayoimiliki. Mimi niliiita yangu kwa sababu niliiokoa. Yeye aliiita yake kwa sababu ni yeye. Nani kati yetu alikuwa na haki ya neno lile?

Huko Marekani ada hii imekuwa biashara kubwa. Kadi za wachezaji wa besiboli zilitiwa ndani ya paketi za sigara, na baina ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitoa mkusanyo uliokuwa na picha ya Honus Wagner wa Pittsburgh. Wagner alikataa, na uchapaji wa kadi yake ukasimamishwa. Wako wasemao kuwa hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake. Wengine husema alikuwa akidai malipo. Kadi chache zilikwisha toka, na mwaka 2022 mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Kukataa kwake ndiko kulikoipandisha bei, na yeye alikwisha fariki tangu 1955.

Atasema msemaji: lau si mkusanyaji, sura zile zingelioza jalalani, na mwenye kuokoa ana haki juu ya alichokiokoa. Ni kweli. Tena picha ya gazeti ina wenyewe wengi: aliyeipiga, aliyeichapa, na sisi sote tuliopiga kelele siku ile ya mchezo. Kila mmoja akidai chake, kumbukumbu ya umma itagawanyika vipande. Lakini haki ya mwokoaji naiona kuwa ni kama ya aliyeokota njiani. Hukitunza kitu, hukitangaza, na mwenyewe akitokea hakimwambii “ningojee nikupe mfano wake.”

Nami nilimwambia hivyo hasa. Nilimuahidi nakala. Akajibu kwa upole, “Ndaga fijo, Mwalimu, nakala yatosha,” akarudi kuyapanga maparachichi yake. Baadaye mwenyeji wangu aliniambia kuwa mzee yule hana hata picha moja ya ujana wake.

Usiku ule baridi ya Mbeya haikuwa sababu pekee ya kukosa usingizi. Nilikuwa nimempenda mtu yule kwa miaka yote katika karatasi, na aliposimama mbele yangu nikaichagua karatasi.

Asubuhi nilikwenda dukani kutoa nakala, nikaibandika daftarini, na ile ya asili nikampelekea pamoja na doa lake. Hakunisifu wala hakunilaumu. Aliniomba tu nimwandikie mwaka nyuma yake, ili wajukuu wasije wakabisha.

Picha nyingine ningali nazo. Baadhi ya wenyewe wamekwisha tangulia, ila wana watoto. Sasa nilifunguapo daftari, nayasoma majina yale kama mdaiwa asomavyo hesabu yake.