Mtoto Aliyekabidhiwa

Someni Kutoka 2:1–10.



Kabla jua halijachomoza, huko Mbagala na Tandika upande wa Temeke, na huko Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, mama wengi wamekwisha kutoka nyumbani. Mmoja aenda Kariakoo kutafuta bidhaa, mwingine aenda Feri kununua samaki, mwingine yuko njiani kwenda kiwandani. Mtoto huachwa kwa bibi yake, au kwa yaya, au kwa jirani aleaye watoto wa watu kwa ujira. Kutwa nzima mlezi huyu ndiye amlishaye, amwogeshaye, ambadilishaye nepi na kumtawaza. Kazi hii ni njema, tena ni ya heshima. Lakini mara nyingi mtoto hukabidhiwa kwa maneno mawili tu: Nitarudi jioni. Mzazi hakusema aruhusulo, wala mlezi hakuuliza. Hapo ndipo mabaya hupata mlango.

Sasa tutazame habari ya Musa. Binti Farao alipomwona mtoto ndani ya kisafina, dada yake mtoto hakumnyakua akakimbia naye. Alikuja mbele ya binti Farao, akauliza kama aende kumwita mlezi. Binti Farao akakubali. Na mlezi alipokuja, akamtajia kazi yake na ujira wake pia. Basi mlezi yule alikuwa nani? Alikuwa mama yake mzazi! Mwanamke aliyemzaa mtoto huyu alimpokea tena kwa neno la ruhusa. Ikiwa yeye alipokea mwanawe mwenyewe kwa ruhusa, je, si zaidi sana sisi tunaopokea wana wa wengine?

Neno hili ndilo tutakalo kuwaambia mwezi huu: mwili wa mtoto si mali ya mlezi. Ni amana. Mungu alimpa mzazi, na mzazi humkabidhi mlezi kwa saa chache. Na mwenye amana hafanyi ila aliloruhusiwa.

Tuseme mtoto ana kikohozi. Mlezi amhurumia, ampeleka kwa fundi akatwe kimeo. Moyo wake ulikuwa mwema, lakini waganga wa hospitali hutuonya ya kuwa mtoto aweza kutokwa na damu nyingi na kuingiwa na uchafu katika kidonda. Jioni mama amkuta mtoto wake amejeruhiwa, naye hakuulizwa. Kadhalika dawa, kunyoa nywele, kutoboa masikio na kufunga hirizi: hayo yote si ya mlezi kuyaamua. Na ikiwa mtoto ni wa jirani Mwislamu, mlezi Mkristo na aulize pia juu ya chakula chake. Mtoto akishikwa na ugonjwa wa ghafula, mlezi na ampigie mzazi simu mara moja; asipompata, ampeleke zahanati bila kukawia. Kwa hiyo yafaa mambo haya yapatanwe mapema, siku ya kwanza.

Tena kuna jambo zito, nasi hatuna budi kulisema. Utafiti uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hata 24. Wasichana karibu 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walisema ya kuwa walitendewa uovu wa zinaa kabla hawajatimiza miaka 18. Hatusemi ya kuwa walezi ndio watendao. Walezi walio wengi ni waaminifu. Lakini mwovu hupenda mahali pasipo na maswali. Kwa hiyo mlezi asimwachie mgeni wala kijana wa nyumbani kazi ya kumwogesha mtoto. Amsafishe kwa staha, lakini si kwa siri nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo. Mtoto awezaye kujiosha na aachwe ajioshe. Wala mtoto asiambiwe kamwe: Usimwambie mama.

Kumbukeni ya kuwa dada yake Musa alisimama kwa mbali ili ajue yatakayompata mtoto. Mzazi naye na awe na jicho kama hilo. Aje siku moja bila kutazamiwa, naye mlezi mwaminifu hatakasirika. Maana ruhusa na uwazi humlinda mtoto, humtuliza mzazi, na humwokoa mlezi na masingizio.

Yako makosa yatokayo kwa haraka tu. Katika 2 Samweli 4:4 twasoma juu ya Mefiboshethi, mtoto wa miaka 5. Yaya wake alimchukua akakimbia ili amwokoe, naye akaanguka, akawa kiwete. Yaya yule alimpenda mtoto, hata hivyo mtoto aliumia. Basi mlezi, mtoto akianguka au akiungua mikononi mwako, sema siku ile ile. Jeraha lililosemwa hutibiwa. Lililofichwa huzaa mashaka, na mashaka huvunja ujirani.

Nchi yetu nayo ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo yataka vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe. Mwenye kulea watoto wengi na aende kwa Afisa Ustawi wa Jamii, asiogope. Na yeyote aonaye mtoto akitendewa vibaya aweza kupiga simu namba 116, bila malipo.

Wazazi, nanyi mna deni. Binti Farao alitaja ujira. Ninyi mwautaja, lakini mwaulipa? Msimwache mlezi bila chakula cha mtoto, wala msirudi usiku kila siku bila neno, kisha mkataka uaminifu wake.

Nasi sote usharikani tuna hatia. Siku ya Jumapili twasimama mbele ya kisima cha ubatizo, twaahidi kumlea mtoto katika Bwana. Jumatatu hatuulizi yuko mikononi mwa nani. Enyi wainjilisti na wazee wa kanisa, mpitapo nyumba kwa nyumba, ulizeni: Mtoto huyu ashinda wapi? Mlezi wake ni nani? Wamepatana nini? Waketisheni wawili hao pamoja, waseme wazi, na ajuaye kuandika na aandike katika daftari.

Ee Bwana Yesu, uliyewapokea watoto wadogo, uitakase mikono iwaogeshayo na kuwavika. Uwape wazazi kusema wazi, na walezi kuuliza. Amin.