KUINAMA NA KUJIDHILI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Tumeulizwa katika darsa yetu: Je, Mwislamu yafaa amwinamie mtu? Na akidhulumiwa na jirani yake, kisha akatangulia yeye kwenda kutaka suluhu, je, huko si kuinama, na kuinama si ndiyo dhila yenyewe? Suali hili si dogo, khasa kwetu sisi watu wa pwani tuipendao sana heshima. Basi twajibu kwa kadiri ya ilimu yetu, na kwa Mwenyezi Mungu twataka msaada.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Kuinama ni mtu kuushusha mwili wake wa juu kuelekea chini. Na kuinuka ni ndugu yake wa tumbo moja, kama vile kufunika na kufunua, au kuziba na kuzibua: shina ni moja, mwisho tu ndio uliobadilika. Kisha lugha ikalichukua neno hili kwa mfano, tukasema fulani ameinama, yaani amenyenyekea, au ameshindwa, au amelikubali neno la mwenziwe. Haya ni mambo mbali mbali, na asiyeyapambanua huuchanganya unyenyekevu na unyonge. Wazee waliosema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakumsifu mnyonge. Walimkusudia mtu mwenye haja, ajuaye kilipo kitu anachokitaka.

Mwenye kutaka kuiona maana ya asili na aende Hewani, kijiji cha Wapokomo katika bonde la Mto Tana, upande wa Garsen. Mto huo hutoka milima ya bara, ukapita nchi kavu, ukamwagika baharini upande wa Kipini. Maji yake yakifurika kisha yakapungua, huacha tope lenye rutuba, na katika tope hilo watu hupanda mpunga. Na mpunga haulimwi kwa kusimama. Mwenye kupanda huinama, mwenye kupalilia huinama, na jua li juu ya mgongo wake tangu asubuhi. Huinuka tu kuamia ndege, kisha huinama tena. Wala hana yakini ya mavuno. Tangu yalipojengwa mabwawa ya umeme huko juu, Kindaruma mwaka 1968 hata Masinga mwaka 1981, mto hauendi tena kwa ada yake ya zamani. Na mara nyingine, kama mwaka 1997 na mwaka 2018, maji huja kwa wingi yakachukua shamba na nyumba pamoja.

Kisha mchele ukifika mjini, sisi tuliokaa barazani twaula wali, na yule aliyeinama kwa ajili yetu twamwita mshamba. Hili ni jambo la kusikitisha. Nabii Daudi, naye ni mfalme, alikula kwa kazi ya mkono wake, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alichunga mbuzi na kondoo kabla ya utume. Basi ni utukufu gani huu wetu, unaochafuliwa na jembe wala hauchafuliwi na deni la dukani? Utazame mpunga wenyewe: shuke lililojaa huinama, na lililosimama wima mara nyingi ni mapepe.

Maana ya pili ni rukuu. Kila siku, katika sala tano za faradhi, Mwislamu huinama mara 17. Na sharia haikuiacha namna ya kuinama huko. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, amesimulia kwamba Mtume alipokuwa katika rukuu hakukiinua kichwa wala hakukiteremsha, bali kilikuwa baina ya hayo. Mgongo hunyoshwa, mikono ikashika magoti, na mwili ukatulia. Kisha yafuata itidali, yaani kuinuka mpaka kusimama sawa, nayo ni nguzo kama rukuu yenyewe; asiyeinuka akatulia hana sala. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba aliyeinama kwa kusudio jingine, kisha akataka kuifanya ndiyo rukuu, haimtoshi. Umbo la mwili ni lile lile, lakini kilichomwinamisha ni kingine.

Hapa ndipo tunapoipata mizani yetu. Kuinama hakuhukumiwi kwa mgongo peke yake. Mtazame mtu ni kitu gani kilichomwinamisha, kisha mtazame huinuka na nini. Mkulima wa Hewani huinamishwa na riziki ya halali, akainuka na mpunga. Mwenye kusali huinamishwa na utukufu wa Mola wake, akainuka hali hana bwana mwingine. Lakini yule anayemwinamia tajiri ili asahauliwe deni, au anayemwinamia mgombea wa uchaguzi kwa noti mbili tatu, ameinamishwa na tamaa, na kura aliyoinuka bila ya kuwa nayo ilikuwa ni haki yake na haki ya watoto wake. Hiyo ndiyo dhila. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume aliulizwa kama mtu amwinamie nduguye wanapokutana, akakataza, na akaruhusu kupeana mikono. Na Jaafar bin Abi Talib na wenziwe walipoingia kwa Najashi, mfalme wa Habasha, hawakumsujudia kama ilivyokuwa ada mbele yake, ingawa walikuwa wakimbizi wenye kuihitaji hifadhi yake. Walisema naye kwa adabu, na mgongo ukabaki wima. Ama unyenyekevu kwa wazazi na waalimu, huo ni wa sauti, wa macho na wa khidma, nao tumeamrishwa.

Imebaki sehemu ngumu ya suali, nayo ni kumwinamia aliyekukosea. Huko huko kwenye nchi ya chini ya Mto Tana, baina ya Agosti 2012 na Januari 2013, waliuawa watu zaidi ya 100. Riketa, tarehe 22 Agosti 2012, walikufa zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Kisha yakafuata ya Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Waliokufa walikuwa wa pande zote mbili, Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima. Mkulima ana shamba lake ukingoni mwa mto. Mfugaji wakati wa kiangazi hana maji ila ya mto huo huo, na ng'ombe wake hufikia maji kwa njia ziitwazo malka. Katika ugomvi wa namna hii kila upande hudhani kwamba ukilegeza shingo kidogo umedhilika. Basi shingo hubaki ngumu, na makaburi huongezeka.

Ndugu zetu, suali hili lilikwisha kuulizwa. Mwaka wa 6 wa Hijra, hapo Hudaibiya, Mtume alikubali masharti yaliyowaumiza sahaba zake, hata akakubali jina lake la utume lifutwe katika waraka wa mapatano. Sayyidna Umar aliona uchungu, akauliza kwa nini wakubali unyonge katika dini yao. Jawabu ilikuja baada ya miaka miwili, pale Makka ilipofunguliwa. Na siku hiyo ya ushindi Mtume aliingia mjini ameinamisha kichwa juu ya mnyama wake, kwa kumnyenyekea Mola wake. Aliyejua kuinama wakati wa udhia ndiye aliyejua kuinama wakati wa nguvu.

Basi jawabu yetu ni hii. Mkulima kuiacha malka bila ya kuipanda, na mfugaji kuwazuia vijana wake wasiingize ng'ombe shambani kabla ya mavuno na kulipa kilichokanyagwa, na mmoja kutangulia nyumbani kwa mwenziwe kumpa mkono wa tanzia: huko ni kuinama, wala si kudhilika, kwa sababu kinachookotwa ni roho za watu. Wala hatusemi muuaji afichwe kwa jina la suluhu. Damu ina wenyewe, na ina hakimu wake. Wala hatusemi maskini aikabidhi haki yake kwa mwenye nguvu, kisha aambiwe huo ndio unyenyekevu.

Na sisi wa mijini tusijione tuko mbali. Mna nyumba ngapi katika mitaa yetu ambamo ndugu wawili hawasemezani kwa ajili ya mirathi ya kiwanja, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze? Mtume ametwambia kwamba mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Mwenye kulisoma hili naye ana nduguye wa namna hiyo, basi asingoje Ijumaa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe migongo inayoinama kwa haki, na atuepushe na shingo zinazoinamishwa na tamaa. Amin.