Tajiri Kuchelewesha Deni ni Dhuluma

Twawakumbusha ndugu zetu wafanyao biashara jambo moja.

Viazi vya Molo na ngano ya Njoro hushuka Mombasa kwa ahadi: mali leo, fedha mwisho wa mwezi. Mwezi huisha, na mnunuzi mwenye uwezo huanza "njoo kesho". Muuzaji akichoka hushitaki Nakuru. Kwa Amri ya 36 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010, akidai kiasi kinachojulikana, na mdaiwa hajaweka utetezi, aweza kuomba hukumu ya mkato, pasina kuitwa mashahidi. Lakini mdaiwa akionyesha hoja moja tu ya kweli, huruhusiwa kujitetea.

Hapo ndipo penye mtihani. Wako watungao hoja ili kuvuta siku. Wengine husema: "Hii si mahkama ya Kadhi." Ni kweli, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 hakikumpa Kadhi mikataba ya biashara, lakini je, deni hufutika kwa kubadilika hakimu? Mtume (S.A.W.) alionya kuwa atwaaye haki ya mwenziwe kwa ufasaha wa hoja amekatiwa kipande cha moto.

Mwenye dhiki na aseme wazi, kwani Al-Baqara, aya ya 280, yamtaka mdai ampe muhula. Mwenye uwezo na alipe kabla ya kuamriwa.