Njaa na Haya Mezani pa Mwenyeji

Je, mgeni mwenye njaa akijibu kwamba ameshiba, amesema uwongo? Swali hili laweza kuonekana dogo, wala mimi mwenyewe sikulihesabu kuwa swali mpaka mpwa wangu, kijana wa hapa Majengo, Dodoma, alipokwenda Hamburg kufanya kazi ya kujitolea ya mwaka mmoja, akakaa nyumbani mwa Wajerumani. Mpango wa serikali yao uitwao weltwärts ulianza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wao katika nchi za kusini. Tangu mwishoni mwa 2013 hupokea na vijana wetu kule kwao.

Jioni ya kwanza aliwekewa mkate, jibini na matango. Akala kipande kimoja kwa adabu, akidhani huo ni ufunguzi tu na kwamba chakula chenyewe kingali jikoni. Hakikuwako. Wajerumani wengi hula chakula cha moto mchana na mkate jioni, wala hawaoni upungufu wowote. Mama wa nyumba akamwuliza kama anataka zaidi. Akajibu, "Hapana, ahsante, nimeshiba," akingoja aulizwe mara ya pili na ya tatu. Yule mama akasadiki, akaondoa sahani. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Usiku wa siku ya tatu akaniandikia kwa simu: "Shikamoo mjomba. Watu hawa ni wema, lakini ni wachoyo."

Nilikaribia kumwunga mkono. Lakini mchoyo hampi mgeni chumba cha mwanawe, wala haamki alfajiri kwenda kumpokea uwanja wa ndege, na hayo yote alikuwa ametendewa. Basi nikajiuliza haya yetu hii imetoka wapi.

Ndugu msomaji, Ugogo ni nchi ya mvua chache. Mtu huvuna uwele na mtama wake kiangazi kinapoanza, akaulinda ghalani mpaka mavuno mengine, na iko miaka ambayo mavuno mengine hayaji. Wazee wetu walisimuliwa habari za Mtunya, njaa ya miaka 1918 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wenye nguvu. Katika nchi ya namna hii, mgeni asemaye ameshiba humfungulia mwenyeji mlango wa kutokea bila fedheha. Kama ghala ni tupu, mwenyeji atanyamaza na heshima yake itabaki. Kama chakula kipo, atamshurutisha mgeni mpaka anawe mikono. Wote wawili wanajua. Neno "nimeshiba" hapo si habari ya tumbo bali ni ruhusa. Na kwa kuwa uwongo ni kumfanya mwenzio aamini jambo lisilo kweli, mimi naona hapo hakuna aliyedanganywa.

Ama Hamburg, maneno ni yale yale na haya ni ile ile, ila msikilizaji amebadilika. Kwake yeye kumwuliza mgeni mara ya pili, baada ya kuwa amekwisha jibu, ni kama kumwambia, "Sikuamini." Kosa lake lilikuwa hilo moja tu, kumsadiki mgeni wake, na kwa kosa hilo akaitwa mchoyo. Mtu aweza kusema kuwa nia ya kijana ilikuwa njema. Ndiyo, jioni ya kwanza. Lakini alipoanza kumhukumu mwenzake kwa kuamini neno ambalo yeye mwenyewe alilitamka, njaa ile ilikuwa imekwisha zaa dhuluma.

Imepokewa katika mkusanyo wa Ibn Maja kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliletewa chakula, akawakaribisha wanawake waliokuwapo, nao wakasema hawana hamu. Akawakataza wasikusanye mambo mawili, njaa na uwongo. Hadithi hii yanisumbua, wala sitaficha. Wanawake wale hawakuwa ugenini. Waliijua desturi, naye aliijua. Kama ruhusa ile niliyoieleza ingetosha kuwa udhuru, mbona walikatazwa? Labda kwa sababu aliyewakaribisha alikuwa amekwisha onyesha kuwa chakula kipo na kwamba anapenda wale, hivyo mlango wa heshima haukuhitajiwa tena. Hilo ndilo jibu nililo nalo, na silioni kuwa imara sana.

Jambo jingine lilinishangaza. Nyama ya nguruwe ilipoletwa mezani, kijana alisema bila kusita kwamba yeye ni Mwislamu na haili. Wenyeji wakashukuru kuambiwa, na tangu siku hiyo hawakuipika mbele yake. Ulimi uliokuwa mwepesi kusema "sili" ulikuwa mzito kusema "nina njaa." Kukataa kwa ajili ya dini kulimwinua machoni pake mwenyewe, bali kuomba kiazi cha pili kulimshusha. Sidhani kwamba ujasiri wa kwanza ulikuwa wote wa imani.

Yeye si wa kwanza kutoka kwetu kukaa kule. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Unguja, alifika Hamburg mwaka 1867 akiwa ameolewa na mfanyabiashara wa mji huo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu chake Desturi za Wasuaheli kilichapishwa mwaka 1903. Laiti angetuongezea na sura moja juu ya meza za Wajerumani!

Nilimwandikia mpwa wangu amweleze mama yule yote, na desturi yenyewe. Siku ya nne alieleza kwa Kijerumani chake kibovu. Yule mama alinyamaza kwanza, kisha akainuka, akachemsha viazi usiku ule, akaketi mbele yake mpaka alipomaliza. Baadaye wakakubaliana kwamba atamwuliza mara mbili, naye ajibu kweli mara ya pili.

Mwaka ulipokwisha akarudi Majengo. Bibi yake akamkaribisha chai na ugali wa uwele. Kijana akajibu papo hapo, "Ndiyo bibi, nina njaa," akavuta kigoda. Bibi alimpakulia, lakini usiku aliniuliza kwa sauti ya chini huko Ulaya mtoto huyu alifundishwa nini. Nilianza kumweleza habari za Hamburg, naye akanikatiza akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimeshiba.