Sori, Mama

Juzi hapa Lokitaung niligonga mtungi wa mama mmoja kwa pikipiki, maji yote yakamwagika. Nikasema, "Sori, mama," nikaenda zangu. Akapaza sauti: "Ni pole ama ni nisamehe?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Sori ya Kiingereza hubeba yote mawili. Mbuzi wa jirani akifa kwa ukame, sori. Nikimgonga mimi, bado sori. Lakini pole haihitaji mkosaji, nisamehe inamtaka. Nami nilijificha kwenye pole.

Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Alfajiri nilipanga foleni bombani na mitungi miwili. Minne, kusema kweli, sikuweza. Mama aliipokea, akacheka, akaniambia niendeshe polepole.