Kituo Hakikumsubiri Msichana

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi. Mara ya mwisho nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne, wazazi wamekaa chini ya turubai, wahitimu wamevaa majoho ya kukodi. Huenda nawe umewahi kutumiwa kwenye simu: kule Japani, katika kisiwa cha Hokkaido, wenye reli waligundua kwamba kituo chao kimoja cha kijijini kimebaki na abiria mmoja tu, msichana wa shule. Wakaamua wasikifunge mpaka amalize masomo. Treni ikawa inasimama mara mbili kwa siku, asubuhi kumchukua na jioni kumrudisha. Nilipofika mwisho watu walipiga makofi, na mama mmoja alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Baadaye nilikaa nikaitafuta habari yenyewe. Haikuwa kama nilivyoisimulia, na wale wazazi nawaomba radhi.

Ujumbe ule ulianza kuenea Januari 2016, ukitaja kituo cha Kami-Shirataki. Shirataki maana yake ni maporomoko meupe, na katika bonde lile vituo vinne vilifuatana vikiwa na jina hilo: Kami, yaani ya Juu, Shirataki yenyewe, kisha Kyu, ya Zamani, na Shimo, ya Chini. Ratiba iliyozungushwa duniani, yenye treni ya saa moja na dakika 4 asubuhi na nyingine ya saa kumi na moja na dakika 8 jioni, ilikuwa ya Kami-Shirataki. Msichana alikuwapo kweli, lakini yeye alipandia Kyu-Shirataki. Pale treni ya kwenda mjini Engaru, kwenye shule yake ya sekondari, ilikuwa moja tu kwa siku, asubuhi. Za kurudi zilikuwa tatu.

Na kituo hakikuachwa wazi kwa ajili yake. Kampuni ya JR Hokkaido ilikuwa inafunga vituo vilivyokosa abiria, na Japani ratiba za reli hubadilishwa Machi. Mwaka wa masomo nao huishia Machi. Tarehe 26 Machi 2016 vituo vya Kami, Kyu na Shimo vikafungwa siku moja, msichana akiwa amekwisha kuhitimu. Kalenda mbili zilikutana, sisi tukaona huruma.

Nilisikitika, nakiri. Halafu nikasoma habari za bonde lenyewe, na nikaona kwamba tulichokitupa ni kikubwa kuliko tulichokishika.

Mwaka 1912 kundi la familia kutoka mkoa wa Wakayama, mbali sana kusini, lilihamia pale kufyeka msitu. Aliyewaongoza ni Morihei Ueshiba, mtu ambaye baadaye aliasisi mchezo wa aikido. Mwaka 1917 moto uliteketeza kijiji, wakajenga upya. Reli iliwafikia mwaka 1929, na mwaka 1932 ikapenya mlima kwa handaki la zaidi ya kilomita 4, wakaunganishwa na mji wa Asahikawa upande wa pili. Kyu-Shirataki ilikuja mwisho, mwaka 1947: jukwaa moja fupi na, hadi siku zake za mwisho, kibanda kidogo cha mbao cha kujikinga na theluji. Hapakuwa na mkatisha tiketi wala mlinzi. Kisha vijana wakahamia mijini, waliobaki wakanunua magari, na abiria wakapungua mmoja mmoja.

Lakini treni iliendelea kusimama. Hapo ndipo nilipokosea mbele ya wale wahitimu. Niliwapa picha ya wakubwa wenye moyo mwema waliomwonea huruma mtoto mmoja. Huruma ni jambo zuri, ila mwenye kuitoa anaweza kuamka kesho akaghairi. Kituo cha Kyu-Shirataki kilikuwa kwenye ratiba, na ratiba haiulizi wewe ni mtoto wa nani, wala mko wangapi. Umefika kwa wakati, unapanda. Kwa miaka karibu 69 mkulima, mgonjwa, mzee na mwanafunzi wote walipandia pale bila kumshukuru mtu. Hiyo ni haki, na haki haipigiwi picha ya kusambazwa kwenye simu.

Hadithi yetu pia ilimnyang'anya msichana sifa yake. Tulisema treni ilimsubiri. Treni haikumsubiri hata siku moja! Yeye ndiye aliyeisubiri, katika nchi ambako baridi hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Akiikosa ile ya asubuhi, hapakuwa na nyingine ya kwenda shule siku hiyo. Yeye ndiye wa kupigiwa makofi, pamoja na aliyekuwa akiamka nyumbani kwao gizani kumpikia. Tukampa sifa yao mwenye treni.

Bonde halijapona. Novemba 2016, miezi minane tu baada ya vituo vile kufungwa, JR Hokkaido ilitangaza kwamba haiwezi tena kuendesha peke yake karibu nusu ya njia zake, na njia hiyo ya Shirataki imo. Wenyeji wamekuwa wakibishana na kampuni na serikali nani alipe. Mjadala huo hauna msichana wala machozi, kwa hiyo hauletwi kwenye simu zetu, ingawa ndio utakaoamua kama mtoto wa mwisho wa kijiji kingine atafika shuleni.

Basi ukitumiwa tena ule ujumbe, usiufute. Mrudishie aliyekutumia na umwambie hivi: kituo kiliitwa Kyu-Shirataki, kilifunguliwa mwaka 1947, kikafungwa 26 Machi 2016, na hadi siku hiyo treni ya asubuhi ilisimama kwa yeyote aliyekuwa jukwaani.